Siku moja, makumbusho mawili: ubaki Malindi au uende Rabai?

Mpwa wangu alifika kutoka Lamu wiki iliyopita, na hata hamri la kwanza hajalimaliza akaniuliza: "Shangazi, nina Jumamosi moja tu. Niende makumbusho ya hapa Malindi, au twende kule Rabai, nyuma ya Mombasa, kwenye misheni ya yule mmisionari Krapf?" Nilimjibu palepale, kisha usiku nikaona jibu langu lilikuwa la haraka mno. Yote mawili nimeyazuru zaidi ya mara moja, na kila mahali nimetoka na kitu tofauti. Basi nayapambanisha hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye siku moja na nauli ya kiasi.

Asiye na muda wa kusoma hadi mwisho achukue hili: ukiwa na watoto wadogo, au mzee anayelalamika magoti, baki Malindi. Ukiwa unapenda kujua watu wa pwani hii walitoka wapi na lugha yetu iliingiaje kwenye vitabu vya chapa, nenda Rabai, hata kama sehemu kubwa ya siku itaishia barabarani.

Malindi na nguzo zake tatu

Hapa kwetu neno nguzo linawachanganya wageni, kwa hiyo tulifafanue mapema. Kuna Nyumba ya Nguzo, ambayo ndiyo makumbusho yenyewe: jengo la mwishoni mwa karne ya 19, lenye nguzo nene za mviringo, ambalo liliwahi kutumika kama hospitali kabla ya kugeuzwa makumbusho. Kuna Nguzo ya Vasco da Gama, kwenye ncha ya mwamba upande wa kusini wa ghuba. Na kuna makaburi ya nguzo kando ya Msikiti wa Juma, ya zamani kuliko hayo yote, yaliyojengwa na Waswahili wenyewe kabla Mreno yeyote hajatia nanga. Ukimwambia dereva wa tuktuk "nipeleke nguzo" bila kufafanua, utajikuta kwa Vasco da Gama, maana huko ndiko wageni wengi wanakotaka.

Uzuri wa Malindi ni kwamba makumbusho yake hayakai chini ya paa moja. Unaanza Nyumba ya Nguzo, unaenda kwenye kanisa dogo la Wareno, unamalizia kwenye nguzo ya baharini, na kote huko mwenye miguu mizuri anatembea tu. Tiketi usiitupe baada ya kituo cha kwanza, kwa sababu kwa kawaida ndiyo hiyo hiyo inayokuingiza kwingine.

Kanisa ndilo ninalolipenda zaidi. Ni kijumba tu, chenye paa la makuti, na hatua chache zinakutoa ukuta huu hadi ule. Usogelee ukuta uutazame kwa karibu: mawe ni ya matumbawe, yana vitundu vidogo kama sega la nyuki, na ukipitisha kiganja unaihisi bahari iliyogeuka jiwe. Mwaka 1542 Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa, na akamzika hapa mtu aliyefia chomboni. Mji wenyewe wakati huo ulikuwa wa Waislamu, wenye mfalme wao na misikiti yao, na Wareno walikuwa wageni waliopewa kipembe cha kuswalia na kuzikia wafu wao. Nikisimama kwenye kiwanja kile cha makaburi huwa nafikiria hilo: ujirani ule ulikuwa na heshima yake, kabla mambo hayajaharibika.

Kwenye nguzo, simulizi utakayopewa ni ya Aprili 1498. Vasco da Gama alikuwa amepita Mombasa na mambo hayakwenda vizuri. Malindi akapokewa, akapewa vyakula na rubani wa kumvusha hadi Calicut. Mwelekezi akikuambia rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, msikilize kwa adabu, lakini ujue wanahistoria wengi hawalikubali tena jambo hilo. Wengi wanaona alikuwa Mgujarati. Ukifika chini ya nguzo inua macho uutazame msalaba: jiwe lake lilitoka Lisbon na limechongwa ngao ya Ureno, ilhali nguzo iliyoubeba ni ya matumbawe ya hapa hapa. Nguzo haikuanzia hapo ilipo. Mwanzo iliwekwa karibu na nyumba ya mfalme, watu wakalalamikia msalaba kusimama katikati ya mji wao, ikahamishiwa kwenye ncha ya mwamba.

Watoto hawana haja ya kuelezwa lolote kati ya haya ili wafurahi. Upepo, mawimbi yanayopasuka chini ya mwamba na vyombo vya wavuvi vinatosha. Shikeni tu mikono yao, maana pembeni hapana kizuizi cha kutegemea.

Kinachokosekana Malindi

Sasa niseme lililonifanya niipende Rabai. Ukiifuata njia ya makumbusho ya Malindi, historia inaruka. Inaanza na wafalme na Wareno, halafu mwaka 1593 Wareno wanahamia Mombasa walikojenga Ngome ya Yesu, ukoo wa mfalme wa Malindi unahamia huko pia, na mji unadorora hadi msitu unaufunika. Baada ya hapo unakutana na nyumba ya mwishoni mwa karne ya 19, na nguzo zake nzuri. Katikati hapo palitokea nini? Nani aliurudishia mji uhai?

Mnamo 1861 hivi, chini ya dola ya Zanzibar, Malindi ilifufuliwa kuwa mji wa mashamba. Mtama na ufuta ulilimwa hapa na kusafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni, na waliolima walikuwa maelfu ya watumwa waliotolewa bara, wengi kutoka nchi za kuelekea Ziwa Nyasa. Mashamba hayaachi jengo. Hayaachi nguzo wala msalaba wa jiwe. Ndiyo maana mgeni anaweza kuzunguka Malindi kutwa nzima, akapiga picha nzuri kabisa, na asikutane na hata mmoja wa watu hao.

Lakini watu hao walikuwa na miguu, na waliotoroka walikimbilia mahali. Wengine walijenga vijiji vyao vya watoro huko ndani kwa Wagiriama, kama Fuladoyo. Wengine walienda kwenye misheni, na kubwa kati ya hizo ilikuwa Rabai. Ndiyo sababu nasema nusu ya historia ya Malindi imehifadhiwa kwenye vilima vya Rabai, na anayetaka kuijua Malindi vizuri itabidi atoke Malindi.

Rabai: misheni iliyogeuka makumbusho

Rabai ni mji mdogo juu ya vilima nyuma ya Mombasa, karibu na Mazeras, ila kiutawala uko ndani ya kaunti yetu ya Kilifi. Makumbusho yake yanamkumbuka Johann Ludwig Krapf, na yamo ndani ya kituo chenyewe cha misheni. Unazunguka mahali walipoishi Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, na hapo hapo lipo kanisa la Mtakatifu Paulo la mwaka 1887, ambalo hadi leo watu wanasali ndani yake. Jengo si kubwa, na aliyezoea kumbi pana za Nairobi anaweza kuvunjika moyo dakika tano za mwanzo. Asiondoke. Rabai ni mahali pa kusikiliza zaidi ya kutazama.

Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo mwezi wa Julai akamzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Rebmann akamfuata 1846, na wakiwa bado wanatetemeka kwa homa, wote wawili wakapanda kwenda Rabai baada ya wazee wa huko kuwakubalia wakae. Krapf kwenye maandishi yake anapaita Rabbai Mpia. Kwa Kirabai jina la kaya ya pale (kijiji cha kale cha Wamijikenda ndani ya msitu mtakatifu) ni Mudzi Muvya, yaani mji mpya, na kaya hiyo bado ipo: misitu ya kaya za Rabai, Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kwa hiyo ukiwa Rabai una mambo mawili ndani ya mwendo mfupi: misheni, na kaya iliyokuwepo kabla ya misheni. Kuingia kaya kunataka ruhusa ya wazee na mtu wa kukupeleka. Usijipenyeze peke yako, na usivunje hata kijiti.

Kwa kazi waliyojia, Krapf na Rebmann walivuna kidogo sana. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alibatizwa 1851 akiwa mgonjwa wa kufa. Ila mambo mengine waliyoyafanya yameenea dunia nzima. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na wajuzi wa Ulaya wakakataa kuamini kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Hayo watoto wa shule wanayajua.

Mimi hunivuta zaidi habari za lugha. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka ule ule wa 1844, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Kadhi na mmisionari, meza moja, kitabu kimoja! Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mtu wa Lamu hahitaji kuambiwa kwamba Kiswahili kilikuwa kimeandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, na kwamba tenzi za Pate na Lamu zilikuwepo kabla ya Krapf kuzaliwa. Lakini njia iliyotoka kwenye hati hizo hadi kamusi tunazofungua leo ilipitia kwenye kilima hiki cha Rabai.

Rebmann alibaki pale baada ya mwenzake kuondoka 1853, miaka na miaka, hadi macho yakapofuka. Akiwa huko alikaa na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetolewa upande wa Ziwa Nyasa, akamsikiliza na kuandika maneno ya lugha yake, ikatoka kamusi ya Kiniassa mwaka 1877. Huyu Salimini hunirudia mara nyingi. Mtu ameibwa kwao na kuuzwa pwani, hana tena wa kuzungumza naye kwa lugha ya mama yake, na lugha hiyo inahifadhiwa kwa sababu yeye aliikumbuka neno kwa neno. Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ulaya akiwa kipofu, akisindikizwa na kijana wa Kirabai, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata akafa.

Watoro na Wamisheni

Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga biashara ya watumwa ya baharini, misheni ilianzisha makazi ya Freretown karibu na Mombasa kwa watu waliokombolewa, na Rabai nayo ikajaa. Walikuja Waafrika waliolelewa India, akiwemo William Jones, aliyekuwa nguzo ya Rabai kwa muda mrefu. Na walikuja watoro, usiku, kutoka mashamba ya Mombasa na ya Malindi. Mabwana wao walikasirika, ikafika karibu na kumwaga damu. Mwisho kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilikubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa kwa watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa kwenye misheni, wengi wao wakiwa Rabai. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani hadi 1907.

Safari yangu ya mwisho huko tulielekezwa na mzee mmoja wa palepale. Tuliketi kivulini, akaanza kuhesabu mababu zake kwa vidole. Kidole cha kwanza Mrabai. Cha pili Mrabai. Cha tatu akakishika akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu bibi alikuwa Myao. Alitoroka shambani kwenu huko Malindi." Alisema kwenu bila ubaya wowote, kama mtu anayekutajia shamba la jirani. Nimezaliwa Shela ya Malindi na nimepita kwenye yaliyokuwa mashamba hayo maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu aliyeyajua kwa njia ile.

Barabara na mfuko

Hapa Malindi inashinda bila ubishi. Kwa mkazi ni tuktuk na maji ya kunywa tu, na ukianza saa mbili na nusu asubuhi, adhuhuri umemaliza na uko mezani kwa wali na samaki.

Rabai ni safari. Njia inayojulikana ni kushuka Mombasa, kama kilomita 120, kisha kushika barabara ya Nairobi hadi Mazeras na kupinda. Njia ninayoipenda ni ya ndani: unavuka daraja la Kilifi, unaacha lami kubwa Mavueni, unapanda hadi Kaloleni katikati ya minazi, kisha unateremka kuelekea Mazeras na kushuka Rabai. Kwa matatu utabadilisha gari mara mbili au tatu na mwisho utahitaji bodaboda, lakini unakwepa msongamano wa Mombasa, na mandhari ya Kaloleni inafuta uchovu. Wakiwa watu wanne au watano, kukodi gari na kuchangiana kuna nafuu kuliko inavyodhaniwa.

Kiingilio cha mwananchi kote ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, basi beba kitambulisho. Malipo siku hizi yanapita kwenye simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo iwe na chaji. Chakula Malindi hakina shida. Rabai pitia Kaloleni au Mazeras ukanunue, au ubebe mahamri na mbaazi zako kutoka nyumbani, na maji ya kutosha.

Nani aende wapi

Darasa la shule ya msingi la Malindi au Watamu: Nyumba ya Nguzo, kanisa, nguzo ya baharini. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma Kiswahili au historia: Rabai, na mwalimu awape kazi ya kuandika maneno ya Kirabai watakayoyasikia na kuyalinganisha na Kiswahili. Watu wa kanisa: Rabai, ila si Jumapili asubuhi kama nia yenu ni kutembeatembea, maana kuna ibada. Anayetaka picha za arusi: Malindi. Mwenye siku mbili aongeze magofu ya mji wa kale wa Gede, kilomita chache kusini mwa Malindi, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia 2024. Gede, nguzo na Rabai zikiunganishwa zinakupa karne karibu nane.

Anayetoka Lamu nina neno la pekee kwake. Wewe nyumbani una makumbusho yenye siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe: ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate. Una ngome iliyokuwa gereza hadi miaka ya 1980, na una ile posta ya Wajerumani iliyofunguliwa Novemba 1888 ikafungwa 1891. Nyumba ya Nguzo ya Malindi, kwa macho yaliyozoea milango ya nakshi na vidaka vya nyumba za Lamu, itakuwa nzuri bila kukushtua. Rabai hutaifananisha na chochote cha kwenu.

Kwa hiyo mpwa wangu nimembadilishia jibu. Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tunaondoka kwa njia ya Kaloleni, na yule mzee nimeshampigia simu. Nguzo ya Vasco da Gama ataiona Jumapili jua likichomoza kutoka baharini, kabla basi lake la Lamu halijaondoka.